Kitanda cha Mtoto Tuliyemwomba

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nikutolee jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Siku hizi tukipiga magoti mimi siitikii Amina. Nafungua mdomo, naufunga, sauti haitoki. Na kwa kuwa mimi ndiye Kasauti, kama ulivyonibatiza mwenyewe, hakuna aliyegundua kwamba hata hako kasauti kenyewe kameisha.

Sasa shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona, na yule mwenye nyumba wako ameacha vituko vya kufunga maji kila akinuna. Sisi huku ni wazima wa kulala na kuamka. Baba yuko karakana kama kawaida, Mama bado anapiga pasi kule kwa dobi, na mimi shule naiweza, ukiondoa hesabu, ambazo tumekubaliana zisinisumbue nami nisizisumbue. Barua hii niliianza kwa lugha ya shuleni, maana huko ndiko tunakofundishwa kuandika barua, lakini kila sentensi ilitoka kama jibu la mtihani. Nikaichana. Hili ni jambo la nyumbani na lugha yake ni ya nyumbani.

Unajua kwamba tangu Mama alazwe mara ile ya mwisho, mtoto akafia tumboni na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu, tumekuwa tukimwomba Mungu mtoto mwingine. Ila wewe uliondoka kwenda kazini kabla moto haujakolea, kwa hiyo acha nikueleze ulivyowaka.

Kikundi cha maombi sasa kinakutana sebuleni kwetu kila Ijumaa jioni. Anayekiongoza ni yule mama mstaafu tunayemwita Mwalimu, ambaye mpaka leo anaomba kama anaita mahudhurio. Yeye ndiye aliyeleta fundisho la kuandaa mahali. Anasema kuomba bila kutarajia ni sawa na kumbishia mtu hodi huku umeshaupa mlango kisogo. Ukiomba, andaa mahali pa kupokelea. Basi watu wakaandaa. Yule kinyozi anayetafuta mchumba alinunua mto wa pili, wakamtania kwamba bibi harusi atakuja akute mto umezeeka kuliko bwana. Mzee wa kanisa aliyeomba gari alifyeka uwanja pembeni ya nyumba yake, kuku wa jirani wakauchukua, wanaogea vumbi pale mpaka leo. Ukimuuliza gari liko wapi, anakujibu liko njiani, hao kuku ni walinzi tu.

Tulicheka, lakini si kwa dharau. Kaka, ilikuwa raha. Zamani nilikuwa naomba kama ninavyoomba ruhusa ya kutoka darasani, nikijua nitaambiwa nikae chini. Sasa nilikuwa nafumba macho na kumsikia kabisa mtoto analia chumba cha pili. Nilishampangia nitakavyombeba na nitakavyomficha ukuta ulioandikwa majina yetu ili naye asije akachora. Sikuwa nadhani. Nilikuwa namsubiri, kama mtu anavyosubiri mgeni ambaye ameshapiga simu kusema amepanda gari.

Na Baba akatengeneza kitanda. Siku alipokileta alikuja amekibeba kichwani, watu wameshajaa sebuleni, vanishi bado inanukia. Alikitua katikati yetu. Mama alikipapasa fito kwa fito, kisha akakaa chini palepale akalia. Mwalimu akatangaza kwamba hiyo sasa ndiyo imani yenye miguu minne, na vigelegele vikapigwa mpaka jirani akachungulia. Wiki iliyofuata zikaja zile soksi za njano ulizotuma, ndogo kama za kuvika vidole gumba. Mama alizilaza juu ya kigodoro, akaniita, akaniambia nitazame jinsi kaka yangu anavyoamini akiwa mbali.

Mtoto hakuja. Naona haya kuandika haya, lakini lazima: mwili wa Mama ulikuwa umeshaachana na mambo ya kila mwezi, mapema kuliko wenzake. Yeye hakuvunjika moyo. Alisema ni umri tu, na akajifariji kwa habari ya yule bibi wa kwenye Maandiko aliyepewa mtoto wakati wenzake wanalea vitukuu. Akaongeza kufunga. Akawa anafunga na kupiga pasi, kupiga pasi na kufunga, mpaka siku moja akaanguka pale kwa dobi. Pasi iliunguza shati la mteja na ikambabua Mama kifundo cha mkono. Alirudi nyumbani amefungwa kitambaa, anacheka, anasema afadhali lile shati lilikuwa baya tangu mwanzo.

Ijumaa iliyopita Mwalimu alisema, kwa upole kabisa, kwamba majibu yakikawia hivi basi ndani ya nyumba kuna mtu mwenye shaka, na shaka ya mmoja inafunga mlango wa wote. Akatuomba tujichunguze. Nilijua ni mimi. Nani mwingine anayekaa kimya muda wote? Nikaanza kukumbuka kila siku niliyosinzia kwenye maombi. Nilimtazama Baba nipate nguvu, lakini Baba alikuwa anakwangua gundi iliyokauka kwenye kucha zake. Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema mwenye kosa ni yeye. Zamani, wewe ukiwa mkorofi na mimi nikiwa mchanga nisiyelala, siku moja alichoka akasema kwa sauti kwamba hataki tena kuzaa maishani mwake. Alisema Mungu alilisikia neno lile, na yeye ndiye aliyejifungia mlango.

Wakamkumbatia. Wakakubaliana kwamba Jumapili hii inayokuja atasimama mbele ya kanisa zima atubu kutokuamini kwake, na mpaka siku hiyo asile mchana wala asiache kuomba. Mama mwenyewe alifurahi. Alisema hatimaye amejua kilipo kidonda.

Jumatatu aliniambia nikifute kitanda vumbi na kukitandika upya. Nikatoa kigodoro, nikatoa shuka, nikaanza kupitisha kitambaa upande wa ndani wa nguzo za pembeni. Kidole kikaingia kwenye tundu. Juu yake kulikuwa na tundu jingine, na jingine, yamejipanga mstari ulionyooka tangu juu mpaka chini. Nguzo ya mkabala nayo hivyohivyo. Zote nne ziko hivyo, kila tundu linatazamana na mwenzake, na yote yameelekea ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuona mpaka aondoe godoro na kupiga magoti.

Mimi na wewe tumekulia kwenye vumbi la mbao. Huhitaji nikuambie matundu ya namna ile ni ya nini. Ni ya vile vijiti vya kushikilia rafu za kabati. Chaga za kitanda hazikupigiliwa msumari hata mmoja, zimekalia vijiti tu, na upande mmoja wa fito unachomoka ukiuvuta. Chomoa fito, toa chaga, panga mbao: hilo ni kabati la vyombo. Na Baba hatoboi ovyo. Anapima, anaweka alama ya penseli, ndipo anashika keekee. Matundu yale yalitobolewa kabla kitanda hakijaunganishwa, maana kikishasimama keekee haiingii humo ndani.

Nilikwenda karakana. Baba alikuwa amepeleka meza kwa mteja, nikamkuta mwenzake, Gundi. Unamjua alivyo, jina alipewa kwa sababu akikushika kwa maneno hubanduki. Nilipomuuliza juu ya matundu alinitania kwamba nimeanza kazi ya ukaguzi, nisubiri kwanza nipewe sare. Kisha akauona uso wangu. Akasema baba yangu hapotezi mbao, basi. Akasema nimuulize mwenyewe. Akachukua msumeno akaanza kukata kipande ambacho hakikuwa na haja ya kukatwa. Gundi, Kaka.

Nilimsubiri Baba nje, penye rundo la mabaki. Alipokuja nilimuuliza tu kitanda kile kina matundu ya nini. Kwanza alisema ni ya chandarua. Nikanyamaza. Kumbe ukimya nao unauliza, maana alikaa juu ya gogo na kuniambia yote bila kuniangalia. Alisema siku ile hospitali damu ilikuwa haikatiki, daktari akamwambia wakichelewa watampoteza Mama, na yeye akasaini. Walimtoa kizazi, kwa mshono uleule waliomtolea mtoto. Aliwaomba madaktari na wauguzi wamwachie amwambie yeye mwenyewe, akishapata nguvu. Mama alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama bado anaweza kubeba mimba. Baba akamjibu kwamba Mungu ni mwema.

Ndivyo alivyomjibu, kwamba Mungu ni mwema. Mama akaichukua kama ahadi.

Baba alisema alitaka kumwambia wiki ile, kisha mwezi ule, kisha kikundi kikaanza, na kila Amina ikawa inaongeza tofali. Kitanda alikitengeneza kwa sababu watu walikuwa wameanza kumuuliza yeye kama baba wa nyumba ameandaa nini. Nilimwambia Mama anakwenda kusimama mbele ya watu kutubia kosa ambalo si lake. Alisema anajua. Nilimwomba amwambie kabla ya Jumapili. Akasema ipite kwanza, Mama akishatubu moyo utatulia, hapo itakuwa rahisi. Akaniomba niendelee kuitikia Amina kama kawaida, nisije nikamshtua.

Nikamwambia wewe ungekuwapo usingekubali. Nilisema hivyo, Kaka. Nilikutumia wewe kama fimbo. Baba akainua kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema wewe ndiye uliyekuwa umesimama naye kwenye korido ya hospitali. Wewe ndiye uliyemshikilia bega akisaini.

Sikuamini. Nilirudi nyumbani nikazitazama zile soksi. Nikajaribu kukuona dukani unazichagua, unauliza kama zipo ndogo zaidi, unalipa, unazifunga, na wakati wote unajua. Nikakumbuka kila ulipopiga simu ukamwambia Mama kwamba nawe unafunga pamoja naye. Ulikuwa unafunga nini? Baba nimemkasirikia, lakini Baba nilizoea kumwona akishindwa kusema mambo. Wewe nilikuamini mpaka kwenye maombi. Nikichoka, nilikuwa najiambia Kaka naye anaomba saa hii, nikaendelea.

Usije ukanijibu kwamba Mungu anaweza yote. Najua anaweza. Mwalimu angesema hata kizazi kilichotolewa si kitu kwake, na mimi sitabishana naye. Lakini Baba hakuwa anasubiri muujiza. Mtu anayesubiri muujiza hatoboi matundu ya rafu. Tulikuwa chumba kizima tumefumba macho, na aliyekuwa anaomba ni Mama, na wale waliokuwa hawajui. Wengine mlikuwa mnamtazama. Kinachonichoma ni kwamba nilitarajia kwa moyo wote, na kutarajia kwangu mlikutumia kama zulia la kufunikia sakafu. Siku mbili nzima sikuweza kusema hata Baba Yetu. Nilimwuliza Mungu kama naye alikuwa kwenye njama. Hakujibu, lakini sikuona kwamba amenidanganya. Nilipofikiri vizuri, neno lile la hospitali halikuwa lake.

Jana nimeomba tena, kidogo tu, kwa lugha ya nyumbani. Nimeomba Mama aambiwe kabla hajasimama mbele ya watu, na aambiwe na mtu anayempenda. Nimeomba nikitarajia, maana sijui tena kuomba kwa namna nyingine. Asubuhi nilitarajia atakuwa Baba. Aliunywa uji wake, akavaa viatu, akatoka. Ndipo nikaanza kukuandikia, nikitarajia utakuwa wewe. Nimekuandikia kwa kujificha, shuleni chini ya dawati na hapa chini ya daftari la hesabu. Ila nikihesabu siku ambazo barua inachukua kukufikia, Jumapili itakuwa imeshapita, na Mama atakuwa ameshalia mbele ya watu wote kwa jambo ambalo ninyi wawili mlilijua.

Nisalimie wenzako wa kazini, hasa yule wa kantini anayekuuliza habari zangu kila mara wakati hajawahi kuniona. Kunywa maji ya moto, usilale na dirisha wazi. Bado wewe ni kaka yangu, sijui kukuita jina jingine, na hilo nalo linaniudhi.

Mama amerudi mapema. Nasikia anavua viatu pale mlangoni, sasa ni ndala zake kwenye korido, anaziburuta kwa sababu hajala tangu jana. Anaita, anauliza kama nipo. Daftari la hesabu liko hapa mkononi na ningeweza kulifunika juu ya karatasi hii kama nilivyofanya kutwa nzima. Nimeliweka chini. Karatasi zote nimezipanga mezani, ya kwanza juu, maandishi yakiutazama mlango. Nitamwambia akae kwanza. Nitaitika kwa sauti.

Mdogo wako,
Kasauti