Tawi la Sale la Mzee Sirili

Dar es Salaam, 3 Septemba 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila moyo hauna raha. Daktari aliyelitazama goti la Thadeus amesema damu ya mwanangu haigandi kama ya watoto wengine. Kazaliwa nayo. Basi maadamu anakaa huko kwako, shika haya: asikatwe popote, asichomwe sindano ya msuli, asipewe aspirini hata alie vipi. Akivimba apumzike, umwekee kitambaa cha maji baridi. Akitoka damu bana kwa kitambaa safi, ikigoma kukata mkimbize hospitali Moshi. Tohara ya Desemba asiwemo.

Mama, ugonjwa huu mwana huupata kwa mama yake. Thadeus kaupata kwangu, mimi kwako. Kaka Evaristo hakuuawa na kisu cha Mzee Sirili.

Mwanao,
Redempta

Kibosho, 20 Septemba 1974

Redempta,

Sisi wazima, migomba nayo haijambo. Umenisalimu vizuri, kisha ukanitukana. Mimi ndiye niliyemuua mwanangu? Sirili alimtahiri Evaristo, damu ikamtoka mpaka akaisha. Miaka yote hii simpi salamu, hata kanisani. Leo kijana wa koti jeupe, asiyemjua Sirili wala kisu chake, anasema damu mbovu ni yangu! Koma kabisa.

Aspirini sijampa, na goti nalitunza. Lakini Desemba Thadeus atatahiriwa pamoja na wana wa kaka yako Onesphory, na ngariba mwenye mkono mzuri. Hapo utajua nani aliua.

Mama yako

Dar es Salaam, 11 Novemba 1974

Mama,

Shikamoo. Habari sikuulizi, umeshanipa mbaya. Yaani umkate mwanangu ili uishinde kesi yako na Sirili? Thadeus si ushahidi! Kiwandani wameninyima likizo, kwa hiyo nimemwandikia Mzee Sirili mwenyewe, nimemweleza yote. Kasirika utakavyo.

Redempta

Kibosho, 29 Desemba 1974

Redempta,

Umeniaibisha. Pombe ya mbege imeiva, wageni wamejaa, balozi wa nyumba kumi kakaa, mara Sirili huyo mlangoni kashika tawi la sale! "Mama Evaristo," akasema, "nakuomba, mtoto asikatwe." Hakujitetea hata neno moja. Na nani hapa mlimani anamkatalia mtu aliyekuja kuomba na sale, mmea wetu wa amani na msamaha? Wana wa Onesphory wametahiriwa, Thadeus kabaki analia kwa aibu. Lile tawi nimelitupa nyuma ya zizi. Usiniandikie.

Mama yako

Kibosho, 16 Machi 1975

Mwanangu Redempta,

Hujambo? Usishtuke, mtoto mzima, yuko nje anafukuza kuku.

Wiki iliyopita jino lake la utoto lilitoka lenyewe, akila ndizi. Hakuna kisu, hakuna mkono wa mtu. Damu ikatoka, ikatoka. Nilimpa kitambaa safi akakiuma kama ulivyoniagiza, nikampakata kwenye gari la misheni mpaka Moshi, kanga yangu yote imelowa. Nilimwona Evaristo, mwanangu. Nililia njia nzima. Hospitali wakamwongezea damu, ikakata.

Hasira bado ninayo, Redempta, ila sasa sijui nimpe nani.

Jana Onesphory alikuja tena na maneno ya tohara. Nimemwambia akitaka kukata akakate majani ya ng'ombe.

Leo nimekwenda nyuma ya zizi. Tawi lile limeshika mizizi palepale nilipolitupa. Nimechuma jani lake, nimempelekea Sirili. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza goti la mtoto linaendeleaje.

Mama yako