Miti ya Baba Mdogo Laurent na Maji ya Bondeni

Rughenda, Butembo
Tarehe 4 Agosti 2024

Mpendwa Baba Mdogo Laurent,

Amani ya Bwana ikukute huko Dodoma. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi lile? Mama Mdogo Julie amepona mguu? Natumaini watoto wanakula na kulala vizuri. Sisi huku tunapumua. Tate, mama yako, ana nguvu. Jana alipalilia maharagwe mpaka jua lilipomfukuza. Goti humsumbua anaposhuka mteremko tu.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukipiga, Tate huishika mwenyewe, sauti imefunguliwa, nyumba nzima inasikiliza. Barua hii nampa jirani anayekuja huko kwa biashara.

Kiangazi cha mwaka huu kimekaza. Chemchemi ya bondeni, ile uliyochota ukiwa mtoto, sasa inatoa uzi mwembamba. Bidoni moja ya maji ikijaa, mtu ameshasukwa nusu ya kichwa. Foleni inaanza alfajiri, na kwenye foleni ndefu ndipo maneno huzaliwa.

Maneno hayo yamemwangukia dada yako Séphora, binti wa marehemu mama yako mkubwa. Unajua alikimbia vita vya Kamango mwaka jana, akatufikia hapa na watoto wake na sufuria mbili. Papa Mathe, jirani wetu wa chini, alitangaza mbele ya watu wote: “Maji iliona wageni, ikakimbia! Mbele hawa batu bafike, tulikuwa tunachota hata saa sita ya muchana.” Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuamini.

Mimi sababu naijua. Ni mikaratusi yako, uliyoipanda juu ya chemchemi siku ya kuondoka. Ilikuwa vijiti; leo imepita paa la kanisa. Kwenye chuo cha kilimo tulifundishwa jinsi mti unavyovuta maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani kama jasho, na mkaratusi haupumziki hata mvua ikikatika. Wewe mwenyewe, unayenywesha miarobaini ya barabarani kwa boza la maji, ulitueleza: mti mchanga wa mjini hufa usipoletewa maji, lakini ukishapata mizizi mirefu haukuombi tena, unakwenda kuyatafuta. Huko kwenu kukavu hiyo ni habari njema. Huku umeyapata ya kwetu.

Nilijaribu kumweleza Papa Mathe.

“Mademoiselle agronome,” akaniambia, “donc muti inakunywaka? Na kopo gani?”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilirudi nyumbani na bidoni tupu.

Tate hakucheka. Yeye ameelewa, na hilo ndilo linaloniumiza. Desturi ya kwetu unaijua: anayekwenda mbali hupanda miti kwenye kiwanja cha wazazi ili imshikie nafasi, nayo haikatwi mpaka siku ya msiba wake, kwa mbao za sanduku na kuni za matanga. Nilipomwomba tuikate, alinitazama kana kwamba nimeleta habari ya kifo. “Laurent hapana kufa,” akasema. “Nani atakata muti ya mutu muzima?”

Wiki iliyopita wakubwa wa mtaa walikutana uani kwetu. Wakaamua Séphora aondoke kabla shule hazijafunguliwa. Wakauliza kama kuna mwenye neno. La Tate wanaliheshimu, si kama langu. Angesema tu kwamba ni miti, Mathe mwenyewe angekimbilia shoka. Nikamtazama Tate. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Akaendelea kuchambua.

Sitaki kukudanganya kwamba kukata kutatosha. Mkaratusi ukikatwa huchipuka, na machipukizi yana kiu kuliko mti mzima. Tukiung’oa na mizizi, mteremko wote utaporomokea chemchemi. Labda tungekata na mimi ningeyavunja machipukizi kila mwezi, na labda maji yangerudi baada ya mvua kadhaa. Labda. Nimesoma miaka yote hiyo ili niweze kusema “labda” kwa sababu nzuri.

Nilimwambia Séphora kwamba nitakuandikia. Alikuwa anafunga sufuria zake ndani ya kitenge.

“Acha, Eliane. Bakikata ile miti, Tate atalala na hataamuka tena. Miti hapana na miguu. Mimi niko nayo.”

Akacheka kidogo, akaomba nimshikie fundo. Nikalishika. Anarudi Kamango, kule kule alikokukimbia, kwenye nyumba isiyo na paa.

Kwa desturi, mwenye miti peke yake ndiye anayeweza kuifungua ikatwe kabla ya msiba wake. Kwa hiyo nakuomba. Na nikishakuomba naogopa. Ukisema ikatwe, Tate atakusikia ukijiweka mwenyewe kaburini. Usiposema, Séphora na watoto watapanda gari. Nimefuta sentensi hii mara nyingi, na kila mara inarudi vilevile. Sijui nakutakia jibu gani.

Tate anakusalimu, kila asubuhi hugusa shina la mti wa kwanza kabla ya sala. Baba, kaka yako Zorobabel, anakusalimu na kusema urefu wa kimya chako umezidi. Séphora anakusalimu sana, na amenikataza nisiongeze kitu juu ya salamu hiyo. Msalimu Mama Mdogo Julie na wadogo zangu. Mungu akulinde kazini na njiani.

Kila mwisho wa simu huwa unatuuliza kama miti yako ni mizima. Ukishindwa kusema neno lingine, Baba Mdogo, uliza tu kama kawaida. Nitakuwa nimekaa pale kando ya Tate, nami nitajibu kwamba ni mizima.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na nisiyejua la kufanya,

Eliane