Salamu za Swalihu

Kondoa,
14 Januari 1995

Mwanangu Shamimu,

Asalaam aleikum. Nakuuliza hali kwanza, na kabla hujanijibu naomba uwe umekaa karibu na hicho chombo cha joto ulichosema kiko ukutani. Kifua kinaendeleaje? Unakula? Mimi huku ni mzima, mguu tu ndio unanisumbua asubuhi, nikishakaa na jiko unatulia. Mvua ni nzuri. Mahindi ya bondeni yamefika magotini, na basi la Dodoma lilikwama kwenye tope hapo Chemba watu wakalala njiani, kwa hiyo hata barua yako imechelewa.

Barua nimeipata pamoja na picha. Nimeisoma mwenyewe polepole, kidole chini ya neno, kama tulivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, halafu nikairudia. Mambo mengine nimeyarudia mpaka nayajua kwa moyo.

Umesema Ijumaa wenzako wa bwenini hapo chuoni waliondoka kwenda makwao mmoja mmoja, ukabaki wewe na milango. Ukaona heri na wewe uondoke. Ukajaza nguo kwenye begi la mgongoni, ukapanda treni peke yako mpaka huo mji wa baharini wa huko Uingereza ambao jina lake nimelijaribu na ulimi umekataa. Humjui mtu, hakuna anayekujua. Ukalala nyumba ya wageni ya bei ndogo, vitanda vya juu na chini, na wasichana ambao hata mmoja hakukuuliza umetoka wapi. Hapo mwanangu nilikatiza kusoma. Hapa kwetu mgeni akishuka stendi, hajafuta vumbi ameshaulizwa yeye ni wa nani na anakwenda kwa nani, na asipokuwa na jibu anatafutiwa.

Halafu bahari. Unasema ni ya kijivu, na chini si mchanga, ni kokoto, ukikanyaga zinapiga kelele. Mimi bahari sijaiona. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni mto Bubu ulipofurika ukachukua mbuzi za watu, na yale yalikuwa mekundu. Najaribu kuyafikiria ya kijivu, yananijia kama majivu. Unasema wazee wanakuja na magari yao, mume na mke, wanaegesha wakiitazama bahari, hawashuki, wanakula viazi vya kukaanga humo humo ndani bila kusemezana, kisha wanawasha gari wanakwenda zao. Hao wamenikaa sana kichwani. Nikawa najiuliza kama hawana mtoto wa kuwaambia shukeni basi mnyooshe miguu. Na yule ndege aliyekupokonya samaki mkononi, hapo nilicheka, na naona uliandika ili nicheke.

Picha nilimwonyesha Mama Munir peke yake, lakini Mama Munir unamjua. Kwanza aliuliza mgongoni umebeba nini, isije ikawa ni mtoto. Nikamwambia ni begi la nguo. Akasema mwanamke mzigo ni kichwani, mgongoni anakaa binadamu. Halafu akauliza, haya, kama amekwenda peke yake, picha kapiga nani? Nikamsomea pale ulipoandika kwamba ulimwomba mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatembeza mbwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema basi mwenye kupiga ni mbwa. Sasa nikienda chemchemini kuchota maji wanawake wananiuliza mbwa hajambo. Mimi nakuamini. Ukiitazama ile picha unaona kabisa mpigaji hakujui, maana kakuweka mbali, wewe kidogo, bahari kubwa.

Sasa nafika kwenye mambo ya Jumapili. Umesema ilinyesha siku nzima, ukakaa kwenye kibanda hapo ufukweni na begi lako, na tangu Ijumaa ulikuwa hujasema na mtu zaidi ya asante, hata sauti yako ulipoisikia ukaiona ngeni. Ukatoa barua zangu ulizokuwa umezibeba, ukasoma salamu za mchumba wako Swalihu. Unasema hizo ndizo zilizokushika. Na hapo hapo ukaamua kwamba muhula huu ukiisha utawaaga walimu, uuguzi utauacha katikati, urudi nyumbani uolewe. Ukaniagiza nimwambie Swalihu aanze kutafuta nyumba.

Shamimu, sijamwambia. Barua yako nimekaa nayo, kila nikitaka kujibu naona mahindi yanahitaji palizi. Lakini walimu usije ukawaaga kabla hujasoma hii, ndiyo sababu leo nimeamka nikaacha hata vitumbua, sikukaanga, wateja wa stendi wamekunywa chai kavu.

Swalihu ameoa. Alioa baada ya Idi kubwa iliyopita, binti wa mfanyabiashara wa Babati. Alikuja mwenyewe kunieleza kabla ya harusi, hilo simnyimi. Aliniamkia, akakaa kwenye mkeka, akavua kofia akawa anaizungusha mikononi. Akasema, mama, mambo siku hizi yamefunguka, duka limekua, leo niko Dar nafuata mzigo wa redio na chupa za chai, kesho narudi nyumba imefungwa, hata wa kunipa maji hakuna. Akasema kukungoja amengoja. Akasema ukirudi, na kama wewe mwenyewe utakubali kuwa wa pili, yeye hajafunga mlango. Nikamwambia akae na mlango wake. Nilimrudishia zile kanga za posa zikiwa bado kwenye karatasi, nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu hakunitukana, alisema alivyokuwa.

Sasa utaniuliza, na zile salamu?

Ni zangu mwanangu. Unajua kwetu barua haiendi bila salamu za watu, na mwandikaji anawaandika hata ambao hajaonana nao, akijua wangekuwepo wangesalimu. Salamu za Mama Munir nimekuwa nikiziandika hivyo miaka yote. Barua ya kwanza baada ya ile harusi, nilipofika kwenye jina la Swalihu mkono ukaandika kama ulivyozoea. Nikasema nitafuta. Sikufuta. Ukajibu kwamba umefurahi. Iliyofuata nikaongeza kwamba anasema ujihadhari na baridi. Iliyofuata tena, kwamba koti la bluu limekupendeza. Ukauliza mbona haandiki mwenyewe, nikajibu amebanwa na safari za Dar. Halafu nikaandika kwamba redio ikiitaja Uingereza yeye huacha kupima sukari akasikiliza, na wateja wakagombana. Shamimu, anayeacha kazi akasikiliza ni mimi. Yote uliyoyasoma kwa jina lake nilikuwa nayasema mimi, jikoni, hakuna wa kunijibu. Uliponiandikia kwamba hukujua kumbe Swalihu ana maneno mazuri hivyo, nilifurahi, nikafurahi kweli, kisha nikaona haya mpaka nikaifunika barua.

Sikutaka kukuchezea. Niliogopa. Tangu tumzike baba yako nyumba hii imekuwa kimya, mlango ukigongwa nakuta ni upepo. Nikajisemea, mtoto akijua kwamba huku hakuna anayemngoja isipokuwa mama muuza vitumbua, atarudi kufanya nini? Wanaokwenda huko wengi wanabaki, wanaleta picha tu. Nikaona jina la Swalihu lina nguvu kuliko langu, nikakushikilia kwalo. Halikunijia akilini hata mara moja kwamba utaacha masomo kwa sababu yake, wala kwamba utakaa peke yako kwenye mvua unayasoma maneno yangu ukidhani ni ya mume.

Sasa nikuambie la kweli lililobaki. Natamani uje hata kesho. Niliposoma pale kwamba utarudi mwezi wa tatu, kabla akili haijanirudia, nilishaanza kuhesabu magunia ya kukutolea chumbani. Lakini usije kwa maneno niliyoyatunga mimi. Ukija hivyo, kila nikikutazama nitajua nilikuita kwa hila, na wewe kila ukipita dukani kwake utajua uliacha nini. Maliza uuguzi. Ukimaliza, ukitaka kuja, njoo, chumba chako hakijapangishwa. Ukitaka kubaki huko uniambie waziwazi, nitalia, halafu nitanyamaza, watu wengi wamelia wakanyamaza. Na kama una hasira na mimi, uwe nayo, ni haki yako. Ila uiandike. Hata mstari mmoja wa hasira nitaupokea, usije ukakaa kimya, kimya ninacho cha kutosha.

Ramadhani imekaribia. Ukipata udhuru wa kazi au kifua kikikubana, usijilazimishe kufunga, utalipa baadaye. Na wale wenzako wa bwenini, mbona humfuati hata mmoja ukamwambia siku kama ile unabaki peke yako? Pengine wanadhani unapenda. Watu wa huko wasipouliza, anza wewe. Aibu itapita.

Salamu za safari hii nimezifuata mwenyewe mlango kwa mlango, nisije nikaandika za kutunga. Mama Munir anakusalimu. Nimemweleza yote, hakucheka, alikaa na mimi mpaka chai ikapoa, akasema niandike kwamba mzigo wa mgongoni amekusamehe. Mzee Abdulkadiri wa mafuta ya taa anakusalimu, anauliza utafuturu na nani. Nimemwambia nitakuuliza. Salwa wa shangazi yako anakusalimu, alikuwa anasuka, alisema hivyo bila kugeuka, lakini alisema. Kwa wengine nimekuta milango imefungwa, wako shambani, kwa hiyo sikuwaandika. Kwa Swalihu nilipita, mkewe akanitolea kiti, akaniuliza mguu wangu. Ni binti mpole. Sikuweza kumwuliza Swalihu mbele yake, kwa hiyo kutoka kwake hakuna kitu.

Ni wachache mwanangu kuliko nilivyokuwa nikikuandikia. Mungu akulinde huko uliko, ukiwa na watu na ukiwa peke yako.

Na mimi nakusalimu, kwa jina langu,

mama yako,
Swaumu