Mashini Iliyokatwa Uso

Bunia, mutaa wa Lumumba, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Kwako Aimé, mutoto wangu,

Nakusalimia sana. Nikijua weye na muke wako Nadège muko wazima kule Kampala, hata miye roho inatulia. Hapa siye tuko. Magoti inanisumbua asubuhi wakati wa baridi, lakini ninatembea. Shangazi yako Rebecca anakusalimia, na mutoto wake Roger. Juzi waliniletea sombe, majani ya muhogo.

Nakuandikia juu ya ile ordinatere, kompyuta, ulinitumia kwa kazi ya sekretariat, ile duka yangu ya fotokopi. Mashini ni muzuri, inang'aa, kila mutu anayekuja kufotokopi anaiangalia. Lakini inazima yenyewe. Niko ninapanga video ya ndoa ya watu, inafika katikati, pap, giza. Ukigusa ubavu ni moto kama sufuria. Nilifanya vile uliniambia, nikaita rafiki yako Félicien. Alifungua, akaweka mukono ndani, akasema mashini haipumui. Anasema uso wake wa mbele ni plastiki tupu, imefunga yote, ventilatere, zile feni za ndani, zinavuta hewa mahali hewa hakuna. Sasa anataka kukata ule uso na musumeno, aweke wavu wa chuma.

Aimé, ni nani anakata kitu mupya? Nilimuuliza kama hatuwezi kutoa ule uso tu, tuache wazi. Akasema mavumbi ya barabara yetu itajaa ndani mara moja. Nilimuuliza kama anaweza kufanyia kazi hapa mbele yangu. Akasema afazali kwake, ndiko iko na meza na vyombo. Hapo ndipo roho yangu ilikataa. Mashini ikienda kwake, nitajua aje kama imerudi na vitu yake yote ya ndani? Na tena huyu kijana akisema na weye anaangalia chini. Niambie ulimujulia wapi.

Miye mama yako,
Alphonsine


Kampala, tarehe 5 mwezi wa pili 2025

Mama mupenzi,

Picha ya barua yako imefika kwenye telefone, aksanti. Pole na magoti, ujifunike vizuri asubuhi. Siye tuko. Nadège anatapika kila siku lakini daktari anasema mimba iko sawa.

Félicien anasema kweli. Ile sanduku waliitengeneza kwa macho, si kwa kazi. Hewa ya baridi inapaswa kuingia mbele, ipite juu ya vitu vinavyochemka, itokee nyuma. Mbele kukifungwa, mashini inazungusha hewa yake yenyewe ya moto, kama mutu aliyelala na blanketi kichwani. Akikata uso na kuweka wavu na ventilatere mbili mbele, itapona.

Tulisoma naye hapo Bunia, tulikaa benchi moja. Kuangalia chini ni haya tu, alikuwa vile tangu zamani. Kama una wasiwasi, muambie alete vyombo vyake kwako, afanyie kazi hapo uwanjani. Hatakataa.

Mutoto wako,
Aimé


Bunia, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Aimé mutoto wangu,

Salamu kwako na kwa Nadège. Umuambie atafune tangawizi kidogo mbele ya kutoka kitandani. Miye afya iko, lakini roho haiko.

Félicien alikuja jana na vyombo vyake. Niliweka kiti karibu yake, nikakaa kama askari. Kila visi aliyofungua na bisibisi nilichukua nikaiweka kwenye sahani yangu. Alitoa uso wa mashini, akachora na kalamu, akaanza kukata polepole, plastiki ikanuka. Kisha akaniuliza kama niko na soksi ya kike, ile nyepesi ndefu ya kwenda kanisani. Nilimuangalia. Akasema ni ya kutandika nyuma ya wavu ikamate mavumbi. Nilimupa moja ya zamani, lakini sikufurahi.

Halafu telefone yake ikalia, akajibu. Aimé, ile lugha alijibu nayo, ninaijua. Kwa ile lugha walituita tutoke nyumba kule Kilo, ile asubuhi baba yako alibaki, wakamuua. Nilingoja amalize kusema. Nikamuambia leo basi, akusanye vyombo aende. Aliniuliza kama amenikosea. Nikamufungulia mulango. Aliacha mashini na uso imekatwa, wavu haijawekwa, akaenda.

Nikuulize jambo moja tu, na unijibu kama mutu mukubwa. Ulijua?

Miye mama yako,
Alphonsine


Kampala, tarehe 17 mwezi wa pili 2025

Mama,

Tuko wazima. Nilijua. Sikukuambia juu ningekuambia usingemufungulia mulango, na hapo Bunia sijui mwingine anayeweza ile kazi bila kukuibia. Félicien hakuwa Kilo, Mama. Ile mwaka alikuwa mutoto wa shule kama miye.

Unisamehe kukuficha. Lakini umuite amalize.

Mutoto wako,
Aimé


Bunia, tarehe 2 mwezi wa ine 2025

Kwako Aimé,

Nakusalimia, na Nadège, na huyo wa tumboni. Najua uliita kwenye telefone mara mingi na sikuitika. Sikukuwa na neno muzuri la kukuambia. Nilikuwa ninajiuliza, kama uliweza kunificha hiyo, kuko nini ingine.

Mashini ilikaa kwenye kona siku hizi zote, nimeifunika na kitenge. Watu wa ndoa walipeleka kazi yao kwingine. Nilitembeza ile uso yake kwa mafundi wengine wa soko. Huyu anasema hamalizi kazi ya mwenzake, huyu anataka mashini yote ibaki kwake. Halafu watu wa korali ya kanisa wakaja na video yao ya Pasaka, wakaniomba sana. Nikamuita Félicien.

Alikuja. Hakuuliza kwa nini nilimufukuza. Miye tena nilikaa kwenye kiti, macho kwa mikono yake. Aliweka wavu, akatandika soksi, akafunga ventilatere mbili mbele, akaenda mbio bila kunywa hata maji.

Alipotoka nilifanya jambo. Nilikata kipande cha karatasi nyepesi, nikaileta mbele ya ule wavu. Uliniandikia hewa inaingia mbele. Karatasi iliruka ikanipiga usoni. Hewa inatoka, haiingii. Kesho yake nikawasha kazi ya korali, mashini ikazima mbio kuliko zamani, na kukatoka harufu kama ya nywele zikiungua. Nilitoa waya ukutani.

Weye ndiye unajua hizi vitu. Niambie ni nini alifanya ndani ya nyumba yangu.

Miye mama yako,
Alphonsine


Kampala, tarehe 3 mwezi wa ine 2025

Mama mupenzi,

Salamu. Nimefurahi uliniandikia, lakini barua yako imeniondolea usingizi.

Aliweka ventilatere kinyume. Zinatoa hewa mbele, na ile ya nyuma inatoa hewa nyuma, basi ndani hakuingii kitu. Mama, kwenye ubavu wa kila ventilatere kuko mushale mudogo unaoonyesha hewa inakwenda wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua. Félicien alikuwa ananionyesha miye. Hawezi kukosa mbili zote pamoja.

Ni miye nilikuambia umuamini. Labda alikasirika juu ya kufukuzwa. Labda ni zaidi ya hasira, na miye nilikuwa mujinga. Moto ukishika pale, weye unalala chumba cha nyuma. Usiwashe ile mashini. Usimuite tena. Acha, miye mwenyewe nitaangalia namna.

Mutoto wako,
Aimé


Bunia, tarehe 9 mwezi wa ine 2025

Aimé mutoto wangu,

Nakusalimia. Hapa mvua imeanza, na magoti inajua kuliko miye.

Uliniambia nisimuite. Sikumuita, nilikwenda. Nilitaka kumuuliza nikiwa na nafasi ya kuona uso wake. Niliuliza njia mpaka nikafika, nyumba ya chumba kimoja, anakaa na mama yake. Yule mama ni wa umri wangu, muguu wake mumoja haukunjiki, wanamutibu kwenye hospitali ya Nyankunde. Aliniletea chai. Sikuinywa. Akaniambia, bila miye kuuliza, nyumba yao ilichomwa na watu wanaosema lugha yetu. Aliniambia ile kama mutu anakuonyesha mahali pa kukaa.

Félicien alipoingia nilimuuliza mbele ya mama yake kama aliziweka kinyume kusudi. Hakuelewa. Nikamuelezea ile karatasi. Alichukua vyombo vyake tukatembea pamoja mpaka kwangu. Alifungua mashini, akaangalia ile mishale, akakaa chini kwenye sakafu ya sima. Kisha akasema:

"Mama, uliniangalia mikono namna ile. Nilikuwa na haraka ya kumaliza nitoke."

Aimé, nimesikia maneno mingi kwa maisha yangu. Hiyo ilinikaa.

Aligeuza zote mbili. Harufu ilikuwa waya mumoja uliogusa mahali pa moto, akaufunga pembeni. Nikaleta karatasi tena. Ile mara ikashikwa na wavu, ikabaki pale. Kazi ya korali ilikwenda tangu asubuhi mpaka mangaribi, mashini haikuzima, na ubavu wake ni wa baridi.

Sisemi ninamupenda. Usiku bado ninaamka kuangalia kama waya umetoka ukutani. Ninasema tu karatasi inashika. Weye pia upumuzike sasa.

Miye mama yako,
Alphonsine


Kampala, tarehe 27 mwezi wa ine 2025

Mama mupenzi,

Natumaini uko muzima. Tumesikia habari mbaya ya upande wa Djugu, na watu hapa wanasema Bunia imechemka. Simu yako inalia bure. Nijibu hata neno moja.

Mutoto wako,
Aimé


Kampala, tarehe 1 mwezi wa tano 2025

Mama,

Roger amenijibu, anasema uko muzima lakini ulimutukana mbele ya watu. Anasema Félicien na mama yake hawako tena kwao. Félicien naye hajibu simu yangu. Mama, nieleze. Wako wapi?

Mutoto wako,
Aimé


Bunia, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Kwako Aimé,

Salamu kwako na kwa Nadège. Niko muzima.

Nikueleze vile ilikuwa. Ile habari ya Djugu ilifika asubuhi, miili ya watu wetu ililetwa na lori, muji muzima ukanyamaza. Saa ya mangaribi bado haijafika, Roger akaingia sekretariat na vijana wawili siwajui. Nilikuwa na wateja. Hakunisalimia. Aliuliza yule mutu wa mashini anakaa wapi. Nilimuuliza anamutakia nini. Akasema ni mutu aliyetaka kunichoma ndani ya nyumba, na hiyo si yeye anasema, ni Aimé.

Nikamuambia mutoto wangu hawezi kuandika hiyo. Akatoa telefone akanisomea. Yalikuwa maneno yako. Ninajua namna unaandika, ni miye nilikufundisha kushika kalamu. Ulimuambia aliweka ventilatere kinyume kusudi, ulimuambia ni wa wapi, ulimuambia amuangalie kidogo. Tarehe tatu ya mwezi wa ine. Miye nilikuandikia tarehe tisa kwamba kijana hana kosa, karatasi inashika. Ile ya tisa hukumupelekea Roger.

Nilisimama. Nilimuambia Félicien alitoka Bunia zamani, na hata angekuwa hapa nisingemuonyesha, na aondoke mbele ya mashini yangu. Nilisema maneno mengine pia, shangazi yako atakuambia. Kijana mumoja alipiga uso wa mashini teke, wavu ukabonyea. Wakaenda kuuliza nyumba kwa nyumba.

Nilifunga mulango na wateja wakiwa bado wanashika karatasi zao. Sikupanda pikipiki, nilipita nyuma ya nyumba za watu, na haya magoti yangu. Félicien alikuwa anapika ugali. Nilimuambia achukue mama yake, watoke sasa. Hakubishana. Tulimubeba yule mama siye wawili, yeye huku miye huku, alikuwa amenishika shingo.

Tulipofika mahali pa kuachana, Félicien aliniuliza, "Mama, ni nani alisema jina yangu?"

Ningeweza kusema ni Roger. Ilikuwa kweli pia. Nikamuambia, "Ni nyumba yangu."

Mara ya kwanza aliniangalia machoni.

Roger na wenzake walifika pale wakakuta moto wa jiko tu. Walivunja mulango na meza. Kisha maaskari wakatembea, na muji ukatulia polepole. Mashini inafanya kazi. Ninaiwasha asubuhi, ile hewa inaingia, ninasikia sauti yake muchana kutwa.

Unaniuliza wako wapi. Wako hai, na muguu wa mama yake unaangaliwa. Mengine usiniulize. Rebecca hajui, pasta wa kanisa letu hajui, na weye, mutoto niliyezaa, sitakuambia. Labda siku moja Félicien atakuandikia mwenyewe akitaka. Hiyo ni yake.

Mutoto akizaliwa uniite, hata ikiwa usiku. Hiyo nitaitika.

Bado niko mama yako,
Alphonsine