Maji ya Moto Kwenye Kitalu cha Zaïnaba

Fazul, ndugu yangu, nimetoka kwa shangazi Rahamatou sasa hivi, na bado siamini aliyonisimulia kuhusu marehemu babu Msaidié, yule mwalimu wa msikiti.

Ni zama za Wafaransa, hapa Mahajanga. Jirani ya babu, mjane Zaïnaba, alitoa kapu la udongo msituni katika kisiwa cha Nosy Komba, akauchanganya kitaluni ili miche yake ya biringani ipate nguvu.

Kitalu kilikuwa kando ya kisima cha msikiti. Babu akaona nyuzi nyeupe za ukungu, akadhani ni uchafu, akaumwagia maji ya moto. Maji ya moto, Fazul.

Miche ikadumaa. Zaïnaba akamwendea yeye huyo huyo. "Mwalimu, ukungu uliokuwa ukiilisha mizizi umekufa. Niombee dua, huenda nimemkosea Mungu."

Naye akainua mikono, akaomba. Ijumaa tatu aliomba, hali anajua.

Ijumaa ya nne ulimi ukamgomea. "Zaïnaba, niliuua mimi."

Mjane akamkabidhi kapu tupu. "Dua zako nimezipokea, Mwalimu. Sasa nenda Nosy Komba."

Na babu, aliyeiogopa bahari maisha yake yote, akapanda chombo.