Hopsi za Shemeji Zimenishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, shikamoo kwanza, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Nyasubi, Kahama, na mwaka jana nilipojifungua Mageni nilivuja damu nyingi, mume wangu Edward alikuwa Mwakitolyo kwenye mashimo ya dhahabu, kwenye simu hapatikani, basi shemeji yangu Donatus ndiye aliyenikimbiza hospitali na akanitolea damu yake, ndiyo maana niko hai nakuandikia. Sina cha kumlipa ila pombe yangu ya mtama, anaipenda tangu nilipoolewa, nikaahidi kumpikia siku ya ubatizo wa Mageni.

Sasa huko Geita anakofanya kazi siku hizi amejifunza kutengeneza bia, akanitumia hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu na harufu, akasema, "Shemeji, jaribu hizi kidogo, nyingine nakuja nazo mwenyewe," na kwenye simu akaandika: za dakika sitini, za dakika kumi, za dakika sifuri. Niliona haya kumuuliza, maana mtaa mzima mpishi wa pombe ni mimi. Nikatia za sifuri kabla sijawasha moto, za kumi baada ya dakika kumi, za sitini nikazitia mwisho wakati naipua. Mshauri, ilitoka chungu kuliko mwarobaini, hata jirani yangu Mariana, asiyebakiza kitu kikombeni, aliimwaga. Hopsi zimeisha, ubatizo ni Jumapili ijayo, nimepanga ninunue bia za chupa nizimimine mtungini nimwambie ndiyo ile ya hopsi zake. Je, nakosea? Ni mimi Salvina, Mama Mageni.

*Bi. Limi anajibu:*

Marahaba, Mama Mageni. Namshukuru Mungu uko hai, na huyo shemeji abarikiwe, maana wapo mashemeji wanaoonekana pilau likiiva tu.

Huo mpango wa chupa uache leo hii. Mtu amekupa damu yake, wewe umpe uongo mtungini? Tena anayepika bia mwenyewe ataijua ya kiwandani kwa harufu tu.

Nimemuuliza anayeijua kazi hiyo. Dakika hizo hazihesabiwi tangu unapowasha moto, zinahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka unapoipua. Za sitini zinaingia mapema, ikibaki saa nzima, zichemke zitoe uchungu. Za kumi, zikibaki dakika kumi. Za sifuri ni unapoipua, kwa ajili ya harufu. Wewe za harufu umezichemsha saa nzima, kwa nini isiwe chungu? Kuuliza si ujinga, mama, na umahiri wako usingepungua.

Sasa soma tena barua yako. Shemeji hakutuma hopsi zote, nyingine anakuja nazo mwenyewe. Huyo hangoji kuletewa kikombe sebuleni. Anataka kupika na wewe.

Kwa ubatizo pika pombe yako ya mtama kama siku zote, ndiyo aliyoizoea. Mpigie simu umwambie, "Shemeji, hopsi zako nimeziharibu, lakini damu yako sijaisahau." Atacheka. Wageni wakishaondoka, bandikeni sufuria pamoja, yeye ahesabu dakika, wewe ushike mwiko.

Na Edward achanje kuni. Safari hii apatikane.