Tope la Kyela Limefika Kinondoni

Tegeta, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mama naye nampigia magoti kutoka huku huku. Mgongo wake unaendeleaje? Na wewe kikohozi kimekuacha, au bado unasingizia vumbi la mpunga? Mimi ni mzima. Mvua zimeanza, maji yanasimama uani hadi natoka kwa kurukia matofali, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo inanifikisha kazini Kinondoni nikiwa nimeshachoka. Lakini nakula, nalala, na kanisani naenda.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikigusa tu habari ya mdogo wangu Atuganile na safari yake ya kwenda kujifungua hospitali, utasikia, "Mtandao unakata, mwanangu, mtandao unakata," na hapo nyuma yako jogoo anawika namsikia vizuri kabisa. Karatasi haikati, Baba.

Kazi yangu unaijua, ila niieleze tena maana nasikia huko mnaisimulia kwa namna yenu. Ofisi yetu ipo juu ya duka la matairi la Mzee Nassor, ambaye ukoo wake umeuza matairi Kinondoni tangu enzi za babu yake. Anatutumia mimi na mwenzangu Saidi tumpe majibu kabla hajaagiza mzigo: tairi gani lipite wapi. Tunatengeneza tairi ndani ya kompyuta, na upepo wake, na uzito wa gari juu yake. Halafu tunatengeneza ardhi. Tunaikata vipande vidogo vidogo, na kila kipande tunakiambia kina maji kiasi gani, kinanata vipi, kikikandamizwa kinarudisha nguvu gani. Kisha gurudumu linazungushwa, nasi tunaangalia kama litasonga au litajichimbia kaburi. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya. Wiki hii umekatika mpaka Saidi akasema, "Sista, hii kompyuta itatuzeesha."

Sasa ile video niliyokutumia, ya gari linalofanana na la kwako likivuka mbuga yetu ya njia ya hospitali. Nilikuambia ni majaribio, na kwamba udongo ule ulinitumia wewe mwenyewe wakati wa kiangazi. Wewe ukaionyesha kanisani baada ya ibada. Mama ananiambia umetangaza kwamba kompyuta ya binti yako imevuka, kwa hiyo Atuganile hana haja ya kuondoka mapema, siku ikifika utamvusha wewe. Baba, nilicheka, kisha nikakosa usingizi.

Ndiyo maana nilimwomba shemeji Ambakisye, mume wake, achote udongo pale bondeni mbugani ambapo maji yameshaanza kusimama, aufunge vizuri kwenye ndoo usikauke, autume kwa basi. Nilipokwenda kuuchukua, yule kijana wa mizigo aliufungua mfuniko, akanitazama.

"Dada, wenzio wa Kyela wanatumiwa mchele, we unatumiwa tope?"

"Ndiyo ninalolihitaji."

"Haya bwana. Mjini kuna mambo."

Nilicheka naye, lakini nilipoingiza kidole kwenye ile ndoo, kilizama chote bila kugusa kigumu. Tope la kwetu nilikuwa nimelisahau lilivyo.

Tukalipima, tukaiambia kompyuta. Nikaanza na matairi yaliyojazwa upepo hadi yakakakamaa, kama unavyopenda wewe. Najua una sababu yako: tairi gumu linakata tope na kufika kwenye udongo imara chini. Sikubishii, mahali penye tope la juu juu ndivyo ilivyo. Lakini Ambakisye aliuzamisha ule mchi wa Mama wa kutwangia wote pale, na haukugonga kitu. Gari lilikata tope, likaendelea kukata, mpaka likalalia tumbo. Nikapunguza upepo ili tairi litanuke na kukanyaga pana. Likafika katikati, likaanza kuzungusha magurudumu papo hapo. Mzee Nassor akapanda ngazi mwenyewe, akasema, "Mwanangu, weka tairi lolote lililoko dukani kwangu, usione tabu." Nikaweka mapana, nikaweka yenye meno marefu, nikafunga minyororo. Saidi akachoka kabla yangu: "Hii ishu haiendi sista, tope lenu halina adabu." Nikakataa kuondoka.

Mwishoni lilivuka, Baba. Lilivuka mara moja tu, kwa shida, nilipoondoa uzito wa abiria wote. Hakuna Mama wa kumshika mkono, hakuna mizigo, hakuna Atuganile. Mzee Nassor alitazama kioo, akasema, "Kwa hiyo litafika hospitali peke yake?" Nilikwenda chooni nikalia.

Najua kwa nini unataka kumpeleka Atuganile kwa mkono wako. Mwaka jana mlikwama naye mle mle, na mtoto wake wa kwanza akazaliwa ndani ya gari, akafa kabla trekta halijafika. Tangu siku hiyo hujalitaja hata jina tulilokuwa tumemwandalia. Baba, hukumwangusha wewe. Siku ile hakuna dereva ambaye angetoka mle. Huna deni la kulipa kwa kuivuka mbuga ile ile tena, na mimi sitakubali ujaribu.

Kwa sasa mnaweza bado kupazunguka pale bondeni kwa njia ya juu. Mvua kubwa zikishika, mbuga nzima itakuwa kama ile ndoo, na njia ya juu nayo itafungika. Shangazi, dada yako anayekaa jirani na hospitali, nimeshaongea naye. Chumba amekifagia na kitanda ametandika, na anauliza kwa nini kaka yake anaona haya kumletea mgeni. Ulinifundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo naomba mkuu asikie la mdogo, mara hii moja.

Msalimie Mama mwenye subira. Msalimie Bibi, umwambie hirizi sivai lakini maombi yake nayapokea. Shemeji Ambakisye mshukuru kwa ndoo, na asione haya, tope lake limefanya kazi kuliko video yangu. Mchungaji naye asalimiwe, na aambiwe ile video ilikuwa ya kiangazi.

Na najua, Baba, barua ikifika nyumbani unaisoma kwa sauti baada ya sala ya jioni, na hujawahi kuruka mstari. Kwa hiyo wote mmekaa hapo na mmesikia. Basi usiruke na huu: Atuganile, mdogo wangu, inuka ufunge kanga zako. Kesho kukipambazuka Baba atakupeleka kwa Shangazi, kwa njia ya juu, polepole, na wewe ukiwa ndani ya gari.

Ni mimi binti yako nisiyebadilisha neno,
Subilaga